Bereti: ushuru ni wa pamoja, sheria kila nchi ina yake

Belo la mitumba linapofunguliwa Mutukula au Busia, jicho la mfanyabiashara huenda kwanza kwenye mashati na suruali za jinzi. Kofia huwekwa kando zihesabiwe mwisho. Kati ya kapelo na kofia za sufu za baridi, mara nyingi huibuka bereti moja mbili: nyeusi, ya kijani, ya maruni, pengine nyekundu. Machoni pa mwenye mzigo hiyo ni kofia tu, itapata mteja wake Gikomba, Karume au Owino. Lakini ikiwa ni nyekundu na safari ni ya Kampala, kofia hiyo inaweza kumgharimu kuliko belo zima.

Septemba 2019, Serikali ya Uganda ilichapisha katika Gazeti la Serikali orodha ya mavazi yaliyotangazwa kuwa mali ya jeshi la nchi hiyo, UPDF. Bereti nyekundu ilikuwa miongoni mwake. Kuanzia hapo, raia anayeivaa, kuimiliki au kuiuza bila idhini anaweza kushtakiwa chini ya Sheria ya UPDF ya mwaka 2005, na adhabu ya juu iliyotajwa wakati ule ilikuwa kifungo cha maisha.

Neno la kutazamwa na wafanyabiashara hapo ni "kuiuza". Mjadala uliofuata, ndani na nje ya Uganda, ulihusu siasa. Bereti nyekundu ilikuwa imekuwa alama ya vuguvugu la People Power la mwanamuziki na mbunge Robert Kyagulanyi, maarufu kama Bobi Wine, aliyeingia bungeni mwaka 2017. Wafuasi wake walisema tangazo lilikusudia kuwavua alama yao kabla ya uchaguzi wa 2021. Jeshi lilisema linalinda sare zake zisichanganywe na mavazi ya raia, na ni kweli kwamba polisi wake wa kijeshi huvaa bereti nyekundu. Katika mabishano hayo aliyesahaulika ni mtu wa tatu: yule aliyenunua kofia kwa jumla, akalipa ushuru na kuzipanga mezani sokoni, bila kuwa mwanajeshi wala mwanasiasa.

Tangazo hilo halikubaki kwenye karatasi. Oktoba 2020, polisi na jeshi walivamia makao makuu ya chama cha Bobi Wine, NUP, jijini Kampala, na bereti nyekundu zilikuwa kati ya vitu vilivyochukuliwa. Januari 2025, Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Wengi walidhani mlango huo umefungwa. Juni mwaka huohuo Rais Yoweri Museveni alisaini marekebisho ya sheria yanayoruhusu raia kufikishwa tena mbele ya mahakama hizo kwa makosa fulani yanayogusa vifaa vya jeshi. Kwa hiyo mfanyabiashara anayeongozwa na habari alizosikia Januari anaweza kuwa amepitwa na habari za Juni.

Mzizi mmoja, matawi mbalimbali

Si haki kuitazama Uganda kana kwamba iko peke yake. Sheria za kuzuia raia kuvaa sare za majeshi ziko Kenya na Tanzania pia, na zimetoka katika chungu kimoja, yaani sheria za adhabu zilizoachwa na utawala wa Waingereza. Kenya ina kifungu cha 184 cha Kanuni ya Adhabu. Tanzania ina kifungu cha 178 cha Kanuni yake. Ukivisoma kwa pamoja utaona vinafanana kama ndugu. Vyote viwili vinakataza sare yenyewe, na vinakataza pia vazi lenye sura ya sare au lenye alama zake. Wala havimgusi mvaaji tu. Vinamgusa hata anayeingiza nchini, anayeuza au anayekaa na sare, vifungo au beji zake kwa nia ya kuziuza.

Maneno "vazi lenye sura ya sare" ndiyo yanayomtia mwenye duka mashakani. Sare halisi inatambulika. Kinachofanana na sare kinategemea jicho la anayetazama, na jicho la askari wa doria haliko sawa na la mteja anayetafuta kofia ya kwendea harusini.

Watanzania walilikumbuka hilo Agosti 2023, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilipotoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha. Mavazi ya mabaka yaliyokuwa yakiuzwa kama mtindo yalianza kutazamwa kwa jicho jingine. Mwenye mzigo njiani wiki ile alikuwa amenunua bidhaa halali kwa fikra zake, akafika sokoni na kukuta imekuwa ya kusalimishwa.

Kwa hiyo tofauti kati ya nchi hizi haiko kwenye msingi wa sheria. Iko katika mambo matatu. La kwanza ni undani: Uganda imetaja rangi na aina ya kofia, wakati vifungu vya zamani vya Kenya na Tanzania vinasema sare na kinachofanana nayo, bila kuorodhesha. La pili ni mahakama: kosa ambalo jirani mmoja angelipeleka kwa hakimu wa kawaida, jirani mwingine anaweza kulipeleka mbele ya maofisa wa jeshi. La tatu ni majira: sheria iliyolala miaka mingi inaweza kuamshwa kwa taarifa moja kwa vyombo vya habari, hasa uchaguzi unapokaribia.

Mashariki mwa Kongo hali ni nzito zaidi. Mji wa Goma uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na katika eneo lenye makundi mengi ya silaha, kofia inaweza kusomwa kama tangazo la upande. Mfanyabiashara anayevuka kutoka Gisenyi hahitaji kusubiri kifungu cha sheria kimwambie kwamba bereti yoyote yenye sura ya kijeshi haifai kuwa ndani ya mzigo wake.

Kofia ya wachungaji iliyopewa cheo

Ugumu wote huu unatokana na historia ya kofia yenyewe. Bereti haikuzaliwa jeshini. Ilikuwa kofia ya wachungaji na wakulima wa milima ya Pyrenees, kwenye mpaka wa Ufaransa na Hispania. Hufumwa kwa sufu ikiwa kubwa kupita kichwa, kisha hulowekwa kwenye maji ya moto na sabuni na kupigwapigwa mpaka nyuzi zishikane na kofia isinyae. Ndipo inapokuwa nzito, isiyopenyeza maji kirahisi, na isiyo na mshono. Kiwanda cha Laulhère, katika mji wa Oloron-Sainte-Marie, kimekuwa katika kazi hiyo tangu mwaka 1840.

Jeshi la Ufaransa liliichukua kwa ajili ya askari wake wa milimani mwishoni mwa karne ya 19. Waingereza waliiga, na mwaka 1924 bereti nyeusi iliidhinishwa kwa kikosi chao cha vifaru. Sababu ilikuwa ya kikazi kabisa: ndani ya kifaru kofia yenye ukingo inagonga kila kitu, na juu ya rangi nyeusi madoa ya oili hayaonekani. Katika Vita vya Pili vya Dunia ikaja ya maruni kwa askari wa miamvuli na ya kijani kwa makomando. Kuanzia hapo rangi ikawa lugha, na ukiiona bereti unajua kikosi.

Afrika Mashariki iliipokea lugha hiyo kwa njia ya ukoloni. Askari wa King's African Rifles, ambao wazee wengi wanawakumbuka kwa jina la Keya, walijulikana zaidi kwa tarbushi. Baada ya uhuru, majeshi na polisi wa nchi hizi waliendelea na bereti kwa mtindo wa Uingereza, kila kikosi na rangi yake. Rangi zenyewe hazikugawanywa kwa makubaliano ya nchi jirani. Ndiyo maana bereti nyekundu Kampala inahusishwa na polisi wa kijeshi, na Nairobi inahusishwa na kikosi cha polisi cha GSU. Mwenye kofia nyekundu akisafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine, anavuka kutoka alama ya kikosi kimoja hadi ya kingine bila kubadilisha kofia.

Majeshi nayo yamewahi kuumizwa na biashara ya bereti. Mwaka 2000 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani liliamua kuwavisha askari wake wote bereti nyeusi, na tarehe ya kuanza ikawa 14 Juni 2001. Viwanda vya ndani havikuweza kutimiza oda kwa muda uliobaki, zikaagizwa nyingine nje. Ilipojulikana kwamba mamia ya maelfu ya kofia hizo zilitengenezwa China, kelele zilikuwa kubwa, na Mei mwaka huo uongozi wa ulinzi ukaamuru kwamba askari wa Marekani hawatavaa bereti za China. Mzigo uliokwisha kununuliwa haukuvaliwa. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au Kikuubo, kisa hicho kina somo linalofahamika: bidhaa inaweza kuwa nzuri, bei ikawa nzuri, lakini swali la ilikotoka likaiua sokoni.

Mitindo haikuomba ruhusa

Wakati majeshi yakigawana rangi, raia hawakuiacha kofia yao. Picha ya Che Guevara iliyopigwa na Alberto Korda huko Havana mwaka 1960, akiwa na bereti yenye nyota, imechapishwa kwenye fulana zinazouzwa hadi stendi za mabasi za kwetu. Chama cha Black Panther, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1966, kiliifanya bereti nyeusi kuwa sare ya kudai haki. Afrika Kusini, chama cha EFF cha Julius Malema kimevaa bereti nyekundu tangu kuanzishwa kwake mwaka 2013. Kwa upande wa mitindo tu, bila siasa yoyote, bereti imekuwa kichwani mwa wanawake wa mijini kwa vizazi. Hapa kwetu ipo pia kwa maskauti, kwa baadhi ya shule na kwa vikundi vya vijana wa makanisa.

Siasa na mitindo zimeichukua bereti kwa sababu ileile. Inabeba heshima ya askari, na bei yake haimshindi kijana. Anayeivaa anaonekana amesimama wima. Hapo ndipo kuna mvutano usiokwisha. Kadiri jeshi linavyoipa kofia heshima, ndivyo raia wanavyoitaka. Na kadiri raia wanavyoivaa, ndivyo jeshi linavyoona heshima yake inachakaa.

Jeshi lina hoja isiyopaswa kupuuzwa. Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua kuliko wengi: mtu aliyevaa sare bandia anaweza kusimamisha lori usiku, akadai stakabadhi, akaondoka na fedha. Sare inayoaminika ni ulinzi kwa msafiri. Lakini hoja hiyo inahusu sare kamili, beji na vyeo. Ikipanuliwa hadi rangi moja ya kofia ya sufu, inamkuta mtu ambaye hakukusudia kumdanganya yeyote.

Pengo lililopo kwenye forodha

Wafanyabiashara wengi huamini kwamba bidhaa iliyopita forodhani kihalali ni halali hadi sokoni. Kwa bereti, imani hiyo ni ya hatari.

Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) hauulizi rangi. Bereti mpya huangukia kundi la kofia, namba 6505. Ikiwa ndani ya belo la mitumba huangukia namba 6309 pamoja na nguo na viatu vilivyovaliwa. Tangu 1 Julai 2022, kofia zilitajwa kati ya bidhaa za kiwango kipya cha juu cha asilimia 35, ingawa kila mwaka nchi wanachama huomba nafuu au tofauti zao. Kwa mfumo huo, bereti nyekundu na bereti ya samawati ni kitu kimoja.

Lakini Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya EAC ya mwaka 2004 ina mlango wa pembeni. Jedwali lake la Pili, linaloorodhesha bidhaa zilizopigwa marufuku, linajumuisha bidhaa yoyote ambayo uingizaji wake umekatazwa na sheria ya nchi mwanachama husika. Maana yake ni kwamba orodha ya pamoja inameza ndani yake orodha za kila nchi, na hizo hazijabandikwa pamoja mahali pamoja ambapo mfanyabiashara anaweza kuzisoma kwa lugha anayoielewa. Ofisa forodha aliyezoea kupima kilo na kukadiria thamani anaweza kuupitisha mzigo. Kilomita 50 mbele, kizuizi cha polisi kinaweza kuusimamisha. Stakabadhi ya ushuru inathibitisha kodi imelipwa. Haithibitishi kwamba kofia inaruhusiwa kuuzwa.

Wenye mizigo midogo wana tatizo la ziada. Utaratibu rahisi wa biashara kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 umewasaidia wengi, hasa akina mama, kuvuka bila wakala. Lakini wakala, pamoja na gharama zake, ndiye ambaye angekuwa wa kwanza kuuliza: "Hizi kofia ni za rangi gani, na zina beji?" Asiye na wakala inabidi ajiulize mwenyewe.

La kufanya kabla ya kufika mpakani

Kwanza, kupanga mzigo kabla ya kuvuka. Belo lililofungwa ni fumbo, na kwa ofisa au askari mwenye mzigo ndiye anayehesabiwa kuwa analo kila kilichomo. Linaponunuliwa lililofunguliwa, au linapofunguliwa upande wa kwanza, bereti zitengwe zionekane.

Pili, beji zitolewe. Nembo ya kikosi, iwe ya nchi ya Ulaya au ya jirani, inaigeuza kofia kuwa kipande cha sare. Katika sheria za Kenya na Tanzania beji na vifungo vinatajwa vyenyewe, hivyo kuviuza kando hakumwokoi mtu.

Tatu, nyekundu isiende Uganda. Hapa hakuna ujanja wa kutafuta, hata mteja akiahidi bei mara tatu. Anayehitaji kuipeleka kwa kazi ya sanaa au shughuli nyingine aanze na idhini ya maandishi, aweke nakala pamoja na mzigo.

Nne, maelezo ya ankara yawe kamili. "Kofia, dazeni 20" ni maneno machache mno. "Bereti za sufu za wanafunzi, rangi ya samawati, bila nembo" ni maelezo yanayoweza kumtetea mtu. Oda ya shule, ya maskauti au ya kanisa iambatane na barua ya mwagizaji, yenye mhuri na idadi.

Tano, kalenda ya siasa isomwe pamoja na kalenda ya soko. Miezi ya kampeni ndiyo miezi ambayo rangi huuzika sana, na ndiyo miezi ambayo rangi hukamatwa. Faida ya wiki mbili isipimwe bila kuweka hatari hiyo kwenye mizani.

Jumuiya inaweza kufanya nini

Haitarajiwi nchi nane za EAC ziwe na sare moja au sheria moja ya ulinzi. Kila jeshi litabaki na rangi zake. Linalowezekana ni dogo zaidi na la haraka zaidi: orodha moja ya mavazi yaliyozuiwa katika kila nchi mwanachama, yenye picha na rangi, ibandikwe katika vituo vya huduma za pamoja mpakani, kwa Kiswahili na lugha nyingine za jumuiya. Katazo jipya likitangazwa, liwe na muda wa kuanza kutumika, ili mzigo ulio njiani urudishwe au uuzwe kwingine. Na kosa la kuuza kofia isiyo na beji lishughulikiwe na mahakama ya kawaida, ambako muuzaji anaweza kueleza kwamba hakukusudia ubaya.

Hayo si maombi ya anasa. Soko la pamoja limejengwa juu ya ahadi kwamba mtu anayefuata utaratibu atajua utaratibu huo ni upi kabla ya kuadhibiwa kwa kuuvunja. Kwa viatu, mchele na saruji ahadi hiyo imeanza kutimia. Kwa bereti bado, na mpaka itimie, mwenye meza Busia ana kazi moja ya ziada kila anapofungua belo: kuitafuta kofia nyekundu kabla askari hajaipata.